Kusawazisha Kabureta za Pikipiki Nyumbani kwa Geji ya Vakyumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wenye pikipiki kubwa wa Mwanza, na kutoka kwa mafundi wa Nyakato, Igoma na Kirumba ambao siku zote wanashika Boxer, kisha asubuhi moja wanaletewa pikipiki ya silinda nne. Majibu yanahusu injini za fostroki zenye kabureta zaidi ya moja. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, kwingine utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Kabla ya kushika bisibisi

1. Kusawazisha kabureta ni kufanya nini hasa?

Ndani ya kila kabureta kuna kisahani cha duara kinachofunguka ukivuta resi na kufunga ukiachia. Pikipiki yenye kabureta mbili ina visahani viwili, yenye nne ina vinne. Kusawazisha ni kuhakikisha vyote vimefunguka kwa kiasi kilekile. Hili linahusu zaidi injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma tu bila kuvutwa resi. Wakati huo upenyo wa hewa ni mwembamba sana, na tofauti ya unene wa karatasi kati ya kisahani na kisahani inatosha kuitikisa pikipiki nzima.

Tunapima kwa mvuto. Pistoni ikishuka inavuta hewa kupitia kabureta. Kisahani kikibana zaidi, mvuto nyuma yake unapanda. Kikiwa wazi zaidi, mvuto unashuka. Geji ya vakyumu inasoma mvuto huo kwa kila silinda. Zikisoma sawa, silinda zinagawana mzigo sawa.

Kazi hii haigusi mchanganyiko wa petroli na hewa. Hiyo ni skrubu nyingine na kazi nyingine (swali la 20).

2. Nina Boxer ya bodaboda. Inahitaji kusawazishwa?

Hapana. Bajaj Boxer, TVS HLX, Honda CG125 na karibu kila pikipiki inayobeba abiria kutoka Buhongwa hadi Igoma ina silinda moja na kabureta moja. Hakuna ya pili ya kulinganisha nayo. Bajaji ya miguu mitatu ni vilevile.

Fundi akikuambia anataka kukusawazishia kabureta ya Boxer, muulize kwa upole ana maana gani. Mara nyingi anamaanisha kuisafisha, kuseti skrubu ya hewa na kuweka sailensi. Ni kazi halali, ila ina jina lake na bei yake. Kama Boxer yako inatetemeka kwenye sailensi, anza na plagi, chujio la hewa, tapeti (yaani nafasi ya vavu), na ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Huo wa mwisho hupasuka kwa jua na watu hawautazami.

3. Nitajuaje pikipiki yangu ina kabureta ngapi?

Inua tangi uzihesabu kabureta zenyewe. Usihesabu plagi wala ekzosi. Honda Transalp 600 ina plagi nne lakini ni silinda mbili na kabureta mbili. Yamaha XT600 ina mabomba mawili ya ekzosi yanayotoka kwenye silinda moja. Suzuki GS500, Honda CB500 ya miaka ya tisini na Kawasaki ER-5 zina kabureta mbili. Yamaha XJ600 na Honda CB750 zina nne.

4. Dalili za kabureta zilizopishana ni zipi?

Kwenye sailensi pikipiki inatetemeka kuliko zamani, mlio unapanda na kushuka, na baadhi ya injini zinagonga upande wa klachi kana kwamba kuna nati imelegea ndani. Ukianza kuondoka, inashtuka kidogo kabla ya kushika. Kwenye injini ya silinda mbili yenye ekzosi mbili, ukiweka kiganja nyuma ya kila bomba utahisi upande mmoja unapuliza kwa nguvu na mwingine kwa unyonge.

Lakini dalili hizohizo huletwa na plagi mbovu, tapeti zilizobana, jeti ya sailensi (kitundu kinachopitisha petroli) iliyoziba, au hewa inayoingia pembeni. Kwa hiyo dalili pekee hazitoshi. Kati ya pikipiki zinazoletwa kwangu kwa ajili ya "kusawazisha", nyingi hupona kabla geji haijafunguliwa kwenye boksi lake. Soma swali la 11 kabla ya yote.

5. Fundi wangu anasawazisha kwa sikio. Kuna ubaya?

Kwa silinda mbili, fundi mzoefu mwenye sikio na kiganja anaweza kukaribia sana. Nimewaona, na ninawaheshimu. Kwa silinda nne sijamwona anayeweza, kwa sababu mlio wa nne umechanganyika na sikio haliwezi kuzitenga. Pia sikio linasikia matokeo tu, halisemi ni silinda ipi ina kosa. Geji inasema.

Kuna njia moja ya bila geji ambayo ni ya lazima kabureta zikiwa zimefunguliwa na ziko mezani. Chukua waya mwembamba ulionyooka, upitishe chini ya kisahani cha kabureta ya kwanza, kaza skrubu ya sailensi mpaka waya ushikwe kidogo tu, kisha rekebisha kabureta nyingine mpaka waya uleule ushikwe vilevile. Ukifanya hivyo, geji itakuwa na kazi ndogo ya kumalizia, na injini itawaka kwa amani.

## Geji

6. Ninunue geji gani, na hapa Mwanza naipata wapi?

Kamili ni seti ya geji mbili au nne zenye mipira, vibano vya kupunguza mtikisiko wa sindano na vijiti vya kufunga kwenye matundu ya injini. Seti za namna hii huagizwa. Kwenye maduka ya kawaida ya vipuri ni nadra kuzikuta kwa sababu soko lote ni la pikipiki za silinda moja.

Usikate tamaa kwa hilo. Geji moja tu inatosha ukiwa na subira: unapima silinda ya kwanza, unaandika, unahamisha mpira, unapima ya pili, unaandika. Ina faida hata kuliko seti ya bei rahisi, kwa sababu geji moja haiwezi kupishana na nafsi yake (swali la 10).

Mafundi friji wana geji ya bluu ambayo sehemu yake ndogo, chini ya sifuri, inasoma mvuto. Inafanya kazi, lakini mistari imebanana na tofauti ndogo haionekani vizuri. Na usiazime ya fundi friji anayeitumia kazini. Mvuke wa petroli hautakiwi kuingia kwenye mipira yake. Nunua yako.

Vijiti vya kufunga kwenye injini mara nyingi vina hesi ya milimita 5 au 6. Kama seti yako haina saizi yako, peleka skrubu iliyoziba tundu kwa mkereza vyuma, atakutolea kwa shaba kipande chenye hesi hiyo na tundu katikati. Ni kazi ya nusu saa.

7. Naweza kutengeneza geji yangu mwenyewe?

Kwa silinda mbili, ndiyo, na inaweza kuwa sahihi kuliko geji ya sindano. Vifaa vyote vipo mjini.

Nunua mita 6 za mpira mwangavu wa levo, ule ambao mafundi ujenzi huujaza maji kupima usawa wa msingi. Tafuta ubao wa mita 2. Funga mpira juu ya ubao kwa umbo la herufi U, kila mguu urefu wa sentimita 150, na ncha mbili zinazobaki ziende kwenye silinda mbili. Jaza nusu kwa oili ya tustroki. Wauzaji wa vifaa vya injini za mitumbwi karibu na Mwaloni, Kirumba, wanayo tele, na rangi yake inaonekana vizuri ndani ya mpira. Usitumie maji. Oili ikivutwa kidogo ndani ya injini itaungua na kutoa moshi. Maji yakijaa juu ya pistoni hayabanwi, na yanaweza kupinda konrodi.

Namna ya kusoma: oili inapanda upande wenye mvuto mkubwa, yaani upande ambao kisahani kimebana zaidi. Rekebisha mpaka miguu yote miwili ilingane kimo.

Usahihi wake unatokana na wepesi wa oili. Sentimita 1 ya zebaki ni sawa na sentimita 13.6 za maji, na kwa oili ni karibu 15. Tofauti ambayo geji ya sindano ingekuonyesha kwa mwendo wa upana wa nywele, hapa ni nusu ya kidole gumba.

Wepesi huohuo ndio hatari yake. Tofauti ikizidi sentimita 9 au 10 za zebaki, au mpira mmoja ukichomoka, oili yote itakimbilia silinda moja kwa sekunde chache. Kwa hiyo weka chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma kwenye kila njia, mpira mmoja uingie na mwingine utoke, ili oili ikipanda ibaki humo. Chupa ya plastiki ya maji haifai, itanywea kwa mvuto. Na usiunganishe ubao huu kabla ya kufanya ule usawa wa waya wa swali la 5.

8. Kuna jamaa wa machimboni ananiuzia zebaki. Naweza kuitumia badala ya oili?

Usifanye. Ni kweli geji za zamani zilikuwa na nguzo za zebaki, na ni kweli kwamba kutoka Geita na machimbo madogo ya kanda hii zebaki hupatikana kirahisi. Lakini mvuke wake ni sumu inayoharibu neva na figo, hauna harufu ya kukuonya, na tone likidondoka kwenye ufa wa sakafu ya nyumba halitoki. Ikivutwa na injini itatokea kwenye ekzosi ikiwa mvuke, mbele ya watoto wanaokuja kuangalia. Mto au mfereji wa jirani yako unaishia ziwani, na samaki wa ziwa tunawala sisi. Kwa kazi ambayo oili inaifanya vizuri zaidi, hakuna sababu hata moja.

9. Sindano inarukaruka mpaka siwezi kusoma. Geji ni mbovu?

Si mbovu. Kila silinda inavuta mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, na sindano inaufuata kila mvuto. Lazima upunguze njia ya hewa ndani ya mpira. Seti za dukani zina vibano vyake. Kama huna, nunua duka la dawa mpira mpya wa dripu: una kigurudumu cha kubana, na ndicho hasa unachohitaji. Bana polepole mpaka sindano ibaki inatetemeka kidogo. Usibane mpaka itulie tuli, kwa maana hapo geji imeshikilia mvuto wa zamani na haisomi tena cha sasa.

10. Geji zangu nne hazionyeshi sawa hata nikizibadilisha. Niamini ipi?

Usiamini yoyote mpaka uzilinganishe. Zifunge moja baada ya nyingine kwenye silinda ileile, injini ikiwa ya moto na sailensi ileile, uandike kila moja inasoma ngapi. Kama geji ya tatu inazidi kwa sentimita 1, iandikie juu yake kwa kalamu ya rangi, na siku zote toa hiyo 1. Geji za bei rahisi zenye tofauti inayojulikana zinafaa.

## Maandalizi

11. Ni nini lazima kifanyike kwanza?

Tapeti. Ningeweza kuishia hapo. Vavu ya kuingizia hewa ikiwa imebana, haifungi vizuri na mvuto wa silinda ile unashuka. Ukisawazisha katika hali hiyo, unapindisha kisahani kisicho na kosa ili silinda yenye vavu mgonjwa ionekane nzuri kwenye geji. Baadaye tapeti zikipangwa, kabureta zote zitakuwa zimepishana, na vavu yenyewe inaweza kuwa imeungua.

Baada ya tapeti ndipo plagi, chujio la hewa (barabara za vumbi za pembezoni mwa jiji zinalijaza upesi kuliko kitabu kinavyosema), na waya wa resi uwe na ulegevu kidogo usiovuta kabureta usukani ukikatwa kushoto na kulia. Kabureta ziwe safi, hasa jeti za sailensi.

Mwisho, tafuta hewa inayoingia pembeni. Injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye mipira inayounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka au klipu imelegea. Wengine hutumia petroli kwa kipimo hiki. Usitumie, injini ni ya moto na cheche ya plagi iko sentimita chache.

12. Tangi limetoka ili nifikie skrubu. Injini itapata wapi petroli?

Tafuta tangi dogo la jenereta bovu, lenye koki yake na mpira wa petroli, ulitundike juu kuliko kabureta. Nusu lita inatosha. Usitumie mfuko wala mpira wa dripu kupitisha petroli. Plastiki ile haikutengenezwa kwa petroli.

Kuna mtego hapa. Pikipiki nyingi za Kijapani zina koki inayofunguliwa na mvuto wa injini kupitia kampira kembamba kanakotoka kwenye silinda mojawapo. Ukikachomoa bila kuziba tundu lake, hewa itaingia hapo na silinda ile itasoma uongo. Ama funga geji hapohapo, ama ziba. Mara ya kwanza nilifanya kazi hii nilisahau jambo hili, nikahangaika saa nzima kurekebisha kabureta ambayo haikuwa na kosa. Kama tangi lako linainuka bila kutoka, weka koki kwenye alama ya PRI ili petroli ishuke bila kusubiri mvuto.

13. Naweza kufanyia ndani ya banda?

Fanyia nje. Moshi wa ekzosi una gesi inayoua bila harufu, na petroli iko wazi pembeni yako. Asubuhi kabla jua halijapasha miamba ni wakati mzuri. Weka ndoo ya mchanga karibu, ondoa jiko la mkaa uani, na mwambie kila aliye nyumbani asipite na moto.

Injini inayopozwa kwa hewa haikuumbwa kunguruma imesimama. Weka feni mbele yake, fanya kazi dakika 3 hadi 5, zima, ipoe kidogo, endelea.

## Kazi yenyewe

14. Hatua za pikipiki ya silinda mbili ni zipi?

Endesha pikipiki kwanza dakika kumi ili ipate moto kamili, choki ikiwa imerudi. Funga geji. Washa, weka sailensi ya kitabu. Nyingi ni kati ya mizunguko 1,000 na 1,300 kwa dakika. Kati ya kabureta mbili utaona skrubu moja ndogo yenye springi kwenye kiungo kinachoziunganisha. Izungushe kidogo sana, robo ya robo ya mzunguko, uangalie geji zikikaribiana. Toa bisibisi, kwa sababu uzito wa mkono wako pekee unasukuma kiungo. Piga resi fupi, iache itulie, soma tena. Ikirudi palepale, umemaliza. Ikihama, rudia.

Ile resi fupi watu huiruka. Springi na viungo hukaa upya pale tu vinapofunguliwa na kufungwa. Bila hiyo unasoma namba ambayo haitakuwepo kesho.

15. Na silinda nne?

Tofauti ni mpangilio. Namba 1 ni ya mkono wa kushoto ukiwa umekaa kwenye pikipiki. Kwenye injini nyingi za Kijapani za silinda nne kuna skrubu tatu. Ya kushoto inalinganisha 1 na 2, ya kulia inalinganisha 3 na 4, na ya katikati inalinganisha jozi ya kushoto na jozi ya kulia. Anza na pembeni, malizia katikati. Ukianza na ya katikati utazunguka mpaka jioni, kwa kuwa kila utakapogusa pembeni, katikati itahama.

Baadhi ya pikipiki za zamani zina kabureta moja ya msingi isiyo na skrubu, na nyingine zote hulinganishwa nayo. Tazama kabla hujagusa: isiyo na skrubu ndiyo msingi. Zingine zina nati ya kufungia. Ukiikaza, soma tena, maana kukaza kunahamisha.

16. Kitabu kinataja mvuto fulani lakini yangu inasoma chini. Injini imechoka?

Si lazima, na kwa Mwanza hili ni swali muhimu. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Pwani, hewa inasukuma kwa sentimita 76 za zebaki. Hapa kwetu ni karibu 66. Geji inasoma tofauti kati ya hewa ya nje na hewa iliyo ndani ya injini. Ya nje ikiwa pungufu, tofauti nayo inapungua. Kwa hiyo injini nzima kabisa itasoma sentimita kadhaa chini ya namba ya kitabu, ambacho kwa kawaida huhesabu usawa wa bahari. Usifungue injini kwa sababu hiyo.

Mafundi wa magari nao hushtuka kwa upande mwingine. Wamezoea gari kusoma sentimita 45 au zaidi usawa wa bahari, kisha wanaona pikipiki inasoma 20 au chini ya hapo. Gari hilo lina silinda zote zinazovuta kwenye bomba moja, zikipokezana. Pikipiki ya kabureta nyingi kila silinda ina bomba lake fupi, inavuta na kupumzika, na wastani wake ni mdogo.

Katika kazi hii tunatafuta usawa. Nne zikisoma 15 zote ni bora kuliko tatu zenye 20 na moja yenye 16.

17. Tofauti ya kiasi gani inakubalika?

Vitabu havikubaliani: vingine vinaruhusu milimita 10 za zebaki kati ya silinda na silinda, vingine 20, na vya zamani hata 40. Fuata cha pikipiki yako. Mimi hulenga 10 na hukubali 20. Chini ya 10 unafukuza mtikisiko wa sindano.

18. Nimesawazisha, sasa sailensi imepanda. Nimeharibu?

Hapana, ni dalili njema. Silinda iliyokuwa inabebwa na wenzake sasa inafanya kazi. Rudisha sailensi kwa ile skrubu kubwa ya mkono, kisha soma geji mara ya mwisho. Kama ilipanda na haishuki ukiachia resi, au inachukua muda kushuka, hewa inaingia pembeni: hakikisha umerudisha skrubu na vifuniko vyote vya matundu ya geji, halafu rudi swali la 11.

19. Kwenye sailensi ziko sawa, nikipandisha resi zinaachana.

Kupishana kidogo ni kawaida. Silinda moja ikiachana sana na wenzake kwenye mizunguko kama 3,000, skrubu za kusawazisha hazitakusaidia. Kwenye kabureta zenye pistoni inayoinuliwa na mvuto, fungua kifuniko cha juu ya ile kabureta uangalie ngozi ya mpira dhidi ya mwanga. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuizuia isiinuke. Kama ngozi ni nzima, tazama ekseli ya kisahani kama imelika, kisha pima kompresheni.

20. Niguse na skrubu za mchanganyiko wakati huohuo?

Usiziguse. Ukigeuza vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeleta nini. Sawazisha, zima, funga kila kitu, endesha siku mbili. Kama bado inatoa moshi mweusi au inapiga risasi ukiachia resi, hapo ndipo shughulikia mchanganyiko, peke yake.

## Pikipiki za namna nyingine

21. XT600 yangu ina kabureta mbili. Nifunge geji?

Hapana. Kabureta zake mbili zinalisha silinda moja, na hazikukusudiwa kufunguka pamoja: ya kwanza inaanza, ya pili inafuata baadaye. Kitabu chake kinaeleza pengo la kiungo linalopimwa kwa macho na rula.

22. BMW ya silinda mbili zinazotazama pembeni inafanywaje?

Hiyo inaitwa boxer kwa asili, haihusiani na Bajaj Boxer. Zile za zamani kama R80 na R100 zina kabureta mbili zilizoachana kabisa, kila moja na waya wake. Kwa hiyo unasawazisha mara mbili: kwanza kwenye sailensi kwa skrubu za kuzuia kisahani, kisha resi ikiwa imevutwa kidogo, kwa kurekebisha urefu wa nyaya. Ukiishia ya kwanza, itatulia ikisimama na kutetemeka ikitembea.

23. Pikipiki za injeksheni je?

Nazo zina visahani na nyingi husawazishwa kwa geji ileile. Ila mara nyingi unageuza skrubu za hewa za pembeni, na skrubu za visahani zilizopakwa rangi kiwandani haziguswi. Soma kitabu chake kwanza.

24. Injini yangu ya mtumbwi ina kabureta zaidi ya moja. Geji hii inafaa?

Wavuvi huuliza hili sana. Kama ni tustroki, kwa kawaida haifanywi kwa geji. Unalegeza skrubu za kiungo, unaacha visahani vyote vifunge kabisa kwa springi zake, kisha unakaza viungo vikiwa hivyo, na unahakikisha vyote vinaanza kufunguka kwa wakati mmoja. Kwa fostroki zenye kabureta kadhaa, utaratibu unafanana na wa swali la 15. Usiwashe injini ya mtumbwi nje ya maji bila kuipatia maji ya kupoza, hata kwa dakika moja ya kupima.

25. Nifanye kila baada ya muda gani?

Kila unapopanga tapeti, kila kabureta zinapotoka, na kila unapobadilisha waya wa resi. Vitabu vingi vinasema kati ya kilomita 6,000 na 12,000. Pima hata kama huna mpango wa kurekebisha. Ikiwa sawa, funga, acha.

26. Nimesawazisha Mwanza, wiki ijayo naenda Dar es Salaam. Itaharibika nikishuka pwani?

Usawa hautaharibika. Hewa nzito ya pwani inaziongezea silinda zote kwa pamoja, na geji zote zitapanda pamoja.

Kinachobadilika ni mchanganyiko. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti zilezile zinatoa petroli nyingi kidogo kulingana na hewa; pwani uwiano unarudi ulivyokusudiwa na kiwanda. Kama jeti zako ni za kiwandani, panda uende. Kama kuna fundi aliwahi kukuwekea jeti ndogo ili ifae Mwanza, beba zile za zamani na uzirudishe ukifika, kwa sababu huko injini itakuwa na petroli pungufu na itachemka kwenye mwendo mrefu. Kama hukumbuki zipo zipi, fungua bakuli la kabureta kabla ya safari usome namba iliyochongwa kwenye jeti, uilinganishe na ya kitabu.